Shangazi Anajibu: Mama Akitoka Ikulu, Kazi Inabaki na Nani?

Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache mifuko ya hisani ya wake wa marais, na tangu hapo barua na ujumbe wa simu havijakatika. Nimechagua maswali yaliyojirudia zaidi. Kwa msomaji mgeni wa ukurasa huu: nilikuwa afisa maendeleo ya jamii mkoani Pwani mpaka nilipostaafu, na sehemu kubwa ya maisha yangu imepita kwenye vikao vya vikundi vya kina mama. Majibu yangu yanatoka huko.

Shikamoo Shangazi. Kwenye somo la Uraia tumebishana. Wenzangu wanasema mke wa Rais ni kiongozi wa serikali na lazima kila nchi iwe naye. Mimi nimekataa. Nani yuko sahihi?
*Mwanafunzi wa kidato cha nne, Tabora*

Marahaba mwanangu. Uko sahihi. Chukua Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, soma sehemu inayomhusu Rais. Utakuta anavyochaguliwa, anavyoapa, madaraka aliyonayo na namna anavyoweza kuondolewa. Mwenza wake hakupangiwa kazi humo. Hapigiwi kura, haapishwi, na hana wizara. Ule msafara, walinzi na kiti cha mbele kwenye sherehe za Uhuru ni mambo ya desturi na itifaki.

Nchi inakwenda hata asipokuwepo. Daniel arap Moi aliongoza Kenya miaka 24, kuanzia 1978 hadi 2002, na muda wote huo hakuwa na mke pembeni yake kwenye shughuli za taifa, maana yeye na Mama Lena walikuwa wametengana tangu miaka ya sabini. Wageni walipokelewa na dhifa zikaandaliwa kama kawaida. Hapa kwetu Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa na wake wawili, Mama Sitti na Mama Khadija, na hakukuwa na mgogoro wa kikatiba, kwa sababu hakukuwa na cheo cha kugombewa. Tangu Machi 2021 Rais wetu ni mwanamke. Mumewe, Mzee Hafidh Ameir, aliyekuwa ofisa wa kilimo, huonekana kwa nadra, na sioni kama kuna kilichopungua serikalini.

Hata Marekani, ambako wengi hudhani jambo hili lina sheria nzito, mke wa rais hana mshahara. Kilichoandikwa kwenye sheria ya mwaka 1978 ni kwamba anaweza kupewa wasaidizi wanaolipwa na serikali pale anapomsaidia rais katika kazi zake.

Kwenye mtihani andika hivyo, lakini fikiri zaidi ya hapo. Mtu asiye na cheo cha kisheria anaweza kutenda mema mengi, na anaweza pia kushika fedha nyingi bila Bunge kumuuliza. Hilo la pili linaniumiza kichwa kwa miaka, na dada wa Morogoro ameligusa.

Shangazi, kila mke wa rais akiingia anaanzisha mfuko wake mpya. Kwa nini asiendeleze wa mwenzake? Na mume akimaliza muda, zile ahadi zinakwenda wapi?
*Mama wa watoto wanne, Morogoro*

Dada yangu, hapa nitakaa kidogo.

Mama Anna Mkapa alianzisha Mfuko wa Fursa Sawa kwa Wote mwaka 1997, ule tuliouzoea kwa herufi zake, EOTF. Mama Salma Kikwete akaja na Wanawake na Maendeleo, WAMA, mwaka 2006. Zanzibar, Mama Mariam Mwinyi, mke wa Rais Hussein Mwinyi, ana Zanzibar Maisha Bora, ambayo miongoni mwa shughuli zake inawashika mkono wanawake wakulima wa mwani. Kila mmoja alianza na jina lake, na sababu ni ya kawaida kabisa: mifuko hii si mali ya Ikulu. Inasajiliwa kama mashirika yasiyo ya kiserikali, ina bodi yake, akaunti yake na mwenyekiti wake. Mama akihama, anahama nayo. Anayeingia hawezi kurithi shirika la mtu mwingine, kama wewe usivyoweza kurithi kikoba cha jirani kwa kuhamia nyumba yake.

Wafadhili nao wana tabia zao. Wanapenda kupiga picha na aliyepo. Mume akiwa madarakani, kampuni zinapanga foleni na hundi zile kubwa za maboksi. Mume akistaafu, simu zinapungua. Kwa hiyo mimi nikitaka kujua kama mfuko ulifanya kazi ya maana siangalii hafla ya uzinduzi. Nauliza kilichobaki kijijini miaka kumi baada ya picha.

Nikupe mfano niliouona kwa macho yangu. EOTF ilikuwa ikiwapeleka wanawake wajasiriamali wadogo kwenye maonyesho ya Sabasaba na kuwapa mafunzo kabla ya kwenda. Nilisindikiza kikundi cha kina mama kutoka wilaya niliyofanyia kazi. Walikuwa na achari ya embe, tamu ya kulamba vidole, lakini waliiweka kwenye chupa za pombe kali zilizooshwa, vifuniko havikazi, mafuta yanachuruzika mpaka kwenye kitambaa cha meza. Wateja walionja, wakasifu, wakapita. Mama mmoja alilia nyuma ya banda. Mafunzo yaliyofuata hayakuwa na maneno makubwa: namna ya kuchemsha chupa, mahali pa kununua vifuniko vinavyobana, namna ya kuandika lebo yenye tarehe, na kwa nini ukiwa na chupa mbili zenye ujazo tofauti huwezi kuziuza bei moja. Msimu uliofuata achari ile ile iliuzwa ikaisha kabla ya siku ya kilele. Rais Mkapa aliondoka madarakani 2005. Kina mama wale waliendelea kuchemsha chupa, kwa sababu ujuzi ulikuwa umeshaingia mikononi mwao na haukuhitaji mtu wa Ikulu kuja kuufufua.

WAMA ilichagua njia nyingine, ya kujenga shule za sekondari za bweni. Ile ya WAMA-Nakayama iko Nyamisati, Rufiji ya zamani, na iliwalenga wasichana yatima na wanaotoka kwenye familia zisizo na uwezo. Nyamisati naifahamu. Ni mahali ambapo msichana aliyefaulu darasa la saba alikuwa akitembea mwendo mrefu au apange chumba karibu na shule, na chumba cha kupanga kimewaharibia masomo wasichana wengi kuliko hesabu na fizikia. Bweni lenye mlango unaofungwa usiku ni jambo kubwa mno. Uzuri wa shule ni kwamba haiwezi kufungashwa ikaondoka. Ugumu wake ni kwamba inataka chakula, walimu na umeme kila siku ya Mungu, mume wa mwanzilishi awe Ikulu au nyumbani.

Sasa nije kwenye lile la fedha. Kampuni inayotafuta zabuni serikalini ikimkabidhi hundi mke wa rais, ile hundi ni sadaka au ni salamu kwa mume? Mimi siwezi kusoma mioyo ya watu, ila naweza kudai hesabu. Sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2002 inataka taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa kutoka kwa kila shirika, hata lile dogo la kina mama wanaolea yatima Handeni. Mfuko wa mke wa rais ungepaswa kuwa wa kwanza kubandika hesabu zake hadharani: nani ametoa, kiasi gani, kimejengwa nini na wapi. Nasema hivyo kwa heshima zote kwa kina mama hao, na kwa kuwa napenda kazi yao isimame bila doa.

Assalamu alaykum Shangazi. Sisi huku Kenya tumekuwa na Mama Margaret Kenyatta na kliniki zake, sasa tuna Mama Rachel Ruto na vikundi vyake vya akiba. Ipi kazi bora?
*Msomaji wa Mombasa*

Wa alaykum salaam. Kuwapambanisha watu wawili si haki, ila kazi zao tunaweza kuzipima.

Mama Margaret alizindua Beyond Zero, kampeni ya afya ya mama na mtoto, Januari 2014. Wakati ule takwimu za kitaifa mlizokuwa nazo zilikuwa zinasema kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, akina mama 488 walikuwa wanakufa kwa sababu za uzazi. Hizo ni takwimu za utafiti wa 2008 na 2009. Aprili 2014 akakimbia marathoni ya London, kilomita 42 na ushee, akamaliza baada ya zaidi ya saa saba. Wapo waliomcheka kwa mwendo wake. Mimi nilimheshimu zaidi kwa sababu ya saa hizo saba, maana mwanamke wa makamo asiye mwanariadha aliendelea kutembea na kukimbia wakati wenzake walishapanda magari kurudi hotelini, ili tu watu wazungumze habari za wajawazito wanaofia njiani. Fedha zilichangwa, na kliniki zinazotembea zikakabidhiwa kaunti zote 47.

Baada ya hapo ndipo palipokuwa na kazi ngumu. Gari la kliniki likishakabidhiwa linakuwa mzigo wa kaunti. Linataka dizeli, dereva, muuguzi, dawa na matairi. Magazeti yenu yameandika zaidi ya mara moja kuhusu magari hayo kusimama kwenye maegesho ya hospitali kwa kukosa mafuta na wahudumu. Simlaumu aliyeleta gari. Ningependa tu siku ya makabidhiano gavana angesaini pale pale, mbele ya kamera zile zile, bajeti ya kuliendesha kwa miaka mitano.

Mama Rachel alianza na vikundi kabla ya kufika Ikulu. Joyful Women ilianza 2009, wakati mumewe ni waziri wa kilimo. Mtindo wao mnauita table banking: wanachama wanakaa, kila mtu anaweka akiba na marejesho yake mezani, na fedha zote zinakopeshwa hapo hapo, hakuna senti inayolala. Sisi huku tuna VICOBA, ndugu yake wa karibu, mwenye sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Kikundi cha namna hii hakina dizeli ya kununua, na kinaishi hata mlezi wake asipokuja. Hatari yake ni pale mlezi anapokuwa mwanasiasa au mke wa mwanasiasa. Wanachama wanaanza kuhesabiwa kama kura, na fedha za nje zikimwagwa kwenye kikundi, nidhamu ya kurejesha inakufa, maana kila mtu anajiambia hizi ni za mama, hatatudai. Nimeona vikundi vizuri vikifa kwa kupewa fedha nyingi kwa siku moja.

Ukinilazimisha nichague, kwa mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa saa nane usiku nachagua gari lenye muuguzi na mafuta. Kwa miaka yake mingine yote nachagua kikundi.

Shangazi, mimi ni fundi cherehani. Kila wiki mteja ananionyesha picha ya mke wa rais kwenye simu, "nishonee kama hii". Wewe unaonaje mavazi yao? Na ni sawa watu kuwajadili nguo badala ya kazi?
*Fundi, Mwanza*

Hongera kwa kazi, mwanangu. Wateja wako hawajakosea. Nguo ya mke wa rais ni tangazo kubwa lisilolipiwa, na swali langu ni moja tu: linamtangazia nani?

Mama Maria Nyerere tulimzoea kwa kitenge na kitambaa cha kichwa, nguo ambayo mke wa karani wa Musoma au muuza samaki wa Feri angeweza kuivaa Jumapili. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo kilikuwa kimeanza kazi 1968, na nyinyi Mwanza mlikuwa na Mwatex yenu, pamba ikitoka mashamba ya Kanda ya Ziwa. Mke wa rais akivaa kitenge cha nyumbani, mkulima wa pamba wa Magu alikuwa amevaliwa. Leo sehemu kubwa ya pamba yetu inauzwa nje ikiwa ghafi, na vitenge vingi unavyovikata mezani kwako vimetoka China na India. Ndiyo maana nasema mtindo mzuri kwa mke wa rais ni ule unaomtaja mfumaji wa hapa na fundi wa hapa kwa jina. Ghana, marehemu Nana Konadu Agyeman-Rawlings alifanya hivyo kwa miaka: vitambaa vya nchi yake, kilemba kirefu kilichofungwa kwa ustadi, na kila alipokwenda ugenini watu walijua Ghana imeingia. Zimbabwe walikuwa na kinyume chake. Grace Mugabe alifungua makao ya watoto yatima Mazowe, kazi njema, lakini wananchi walimwita "Gucci Grace" kwa ununuzi wake wa anasa ng'ambo huku mishahara ya walimu ikiwa haina thamani ya mkate. Jina la duka lilifunika yatima.

Kuhusu kuwajadili nguo, Julai 2013 wake wa marais wa Afrika walikutana Dar es Salaam, wenyeji wakiwa taasisi ya George W. Bush na Mama Salma Kikwete. Michelle Obama na Laura Bush waliketi jukwaa moja. Mwaka ule Marekani nzima ilikuwa imezungumzia nywele za Michelle alizozikata zikaangukia kwenye paji la uso. Alichosema pale kwa ufupi ni kwamba wao huzichukua nywele hizo wakazipeleka kusimama mbele ya mambo ya maana, na mwisho watu huchoka kutazama nywele, wakaanza kutazama kilichoko nyuma yake. Nakubaliana naye nusu. Watu huchoka kutazama pale tu penye kitu cha kutazamwa nyuma. Mama akivaa vizuri akaenda kukata utepe wa jengo tupu, tutabaki na gauni.

Kwako fundi, ushauri wa kibiashara: mteja akileta picha, mwambie gharama ya kitambaa ni yake na mshono ni wako, na usikubali kushona kilemba cha kisasa kile kwa kitambaa chepesi kinachoteleza. Hakisimami, na lawama zitakurudia.

Shikamoo dada. Najivunia kuwa wake kadhaa wa marais wetu wametoka kwenye ualimu. Hili halisemwi vya kutosha.
*Mwalimu mstaafu, Dodoma*

Marahaba mwalimu, na asante kwa kulikumbusha. Mama Maria alikuwa mwalimu kabla ya kuolewa na Mwalimu Nyerere mwaka 1953. Mumewe alipoacha kazi Pugu mwaka 1955 ili afanye kazi ya TANU, mshahara ulikatika, na mama huyu akafungua duka dogo ili watoto wale. Tunasimulia hotuba za Mnazi Mmoja, lakini nyuma ya hotuba zile kulikuwa na mwanamke anayepima mafuta ya taa. Ningependa hilo liandikwe kwenye vitabu vya shule.

Mama Salma alifundisha zaidi ya miaka ishirini. Mama Janeth Magufuli alifundisha Shule ya Msingi Mbuyuni, Dar es Salaam, akaendelea kushika chaki wakati mumewe ni waziri. Novemba 2016, akiwa tayari mke wa Rais, alilazwa Muhimbili, wodi ya Sewahaji. Kwa wasioijua, Sewahaji ni wodi tunayolazwa sisi. Nilikuwa na jamaa pale miaka hiyo na najua kitanda kinavyogombewa. Kwa siku mbili nchi nzima ilizungumzia wodi za hospitali ya umma kwa sababu mke wa Rais amelala ndani yake, na sijawahi kuona hisani ya maboksi ya sukari iliyofanya kazi ya namna hiyo.

Natamani siku moja mke au mume wa rais wetu abaki na kazi yake ya awali. Jill Biden aliendelea kufundisha chuo cha jamii huko Virginia wakati mumewe ni rais, akasahihisha insha za wanafunzi ndani ya ndege ya serikali. Usalama ni mgumu, najua, lakini mwalimu mmoja zaidi wa Kiswahili au hisabati ana thamani kuliko mgeni rasmi mmoja zaidi.

Shangazi, ni halali mke wa rais kugombea ubunge au kupewa uwaziri?
*Kijana wa Kigoma*

Ni haki yake kama raia. Ninachokitazama ni wakati. Mama Salma aliteuliwa mbunge Machi 2017, mumewe akiwa ameshastaafu, na uteuzi ulitoka kwa rais mwingine. 2020 akaenda jimbo la Mchinga kwao Lindi. Hapo sina neno. Uganda, Mama Janet Museveni alianza vizuri na UWESO, shirika la kulea yatima wa vita, mwaka 1986. Baadaye akawa mbunge wa Ruhaama kuanzia 2006, waziri wa mambo ya Karamoja, na tangu 2016 waziri wa elimu na michezo, mumewe akiwa bado Rais. Amefanya kazi, sikatai, ila niambie ni katibu mkuu gani atakayemwambia waziri huyo kwamba amekosea.

Mwanamke ninayemtaja kila ninapoulizwa hili ni Graça Machel. Alijiunga na FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, 1973, akapita kwenye shule ya chama chao Bagamoyo, mkoani kwetu. Mwaka 1975 akawa waziri wa elimu wa Msumbiji huru, mwaka ule ule alioolewa na Rais Samora Machel. Samora alipouawa na ajali ya ndege 1986, Mama Graça alibaki na kazi yake. Mwaka 1996 aliwasilisha Umoja wa Mataifa ripoti kuhusu watoto kwenye vita ambayo ilibadili namna dunia inavyoliangalia jambo hilo, na hapo alikuwa bado hajaolewa na Mandela. Alikuwa mtu kamili kabla ya Ikulu ya kwanza na kabla ya ya pili.

Shangazi, sisi ni kikundi cha wajane kumi na wanane, tunafuga kuku na kusuka mikeka. Tunataka kumwandikia mke wa kiongozi mkuu atusaidie. Tuandikeje?
*Katibu wa kikundi, Handeni*

Poleni na hongereni. Andikeni, lakini msianze na barua hiyo. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, msajili kikundi. Mtahitaji katiba ya kikundi, majina na sahihi za wanachama, muhtasari wa kikao kilichokubali kusajili, na akaunti ya benki yenye watia sahihi wasiopungua wawili. Mkishasajiliwa, ulizeni halmashauri kuhusu mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani. Asilimia nne ni ya wanawake, haina riba, na ni haki iliyoandikwa kwenye sheria tangu 2018. Kwa hiyo hamwombi fadhila ya mtu.

Ombi la kwenda kwenye mfuko wa hisani liwe kurasa mbili, zisizidi. Ukurasa wa kwanza: ninyi ni nani, mlianza lini, mna kuku wangapi leo, mmeuza mayai na mikeka ya shilingi ngapi miezi sita iliyopita. Kama daftari la mauzo halipo, lianzeni leo hii na msubiri miezi mitatu kabla ya kuandika. Ukurasa wa pili: mnaomba nini hasa. Msiseme "tunaomba tuwezeshwe". Semeni tunaomba banda la kuku mia mbili, mabati kadhaa, mbao kadhaa, mkiambatisha bei za duka la Handeni mjini, na mwoneshe ninyi mtachangia nini: kiwanja, tofali, nguvu kazi. Andikeni pia nani atanunua chanjo ya kideri baada ya msaada kuisha, maana anayesoma maombi mengi huanza kutafuta mstari huo.

Barua isainiwe na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, ipitie kwa mtendaji wa kijiji na wa kata wagonge mihuri, na mbaki na nakala. Mikeka nayo msiisahau: pigeni picha tatu mchana, karibu na mlango, ukili uonekane rangi zake, mzibandike kwenye ukurasa wa kwanza.